Kiti cha Katikati

Jirani yangu anakodisha maturubai. Wiki iliyopita moja lilinyeshewa kwenye msiba mtaa wa Chanji, akaja kuniomba alianike juu ya ukuta wangu, nami nikamruhusu bila kufikiri. Mchana jua lilipolipiga, harufu yake ikaingia mpaka jikoni: turubai zito la zamani, vumbi na moshi vimeganda ndani yake, likifuka mvuke. Nilikuwa nachagua maharage. Nikaacha, nikafunga dirisha. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni harufu tu. Sikumwambia ilinikumbusha nini, kwa sababu ningelazimika kumweleza nilikuwa mtoto wa namna gani, na yeye huwaambia wanawe kwamba bibi yao hajawahi kusema uongo.

Baba alikuwa dereva wa gari la sinema. Wa rika langu mtalikumbuka. Lilikuwa gari la serikali, la kijivu, mgongo wake kama boksi, likizunguka vijijini kuonyesha picha: namna ya kuchimba choo, namna ya kupanda mahindi kwa mstari, wananchi wa mikoa mingine wakifyatua matofali ya kijiji kipya huku wakicheka. Mbele lilikuwa na viti vitatu. Nyuma kulikuwa na mashine ya kuonyeshea picha, jenereta, makopo bapa ya filamu, na ubavuni vitanda viwili vyembamba vya turubai, kimoja juu ya kingine, vinavyokunjwa ukutani. Safari za baba zilichukua wiki mbili au tatu, na huko alikokwenda hakukuwa na nyumba za wageni. Walipika humo, walilala humo. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa lililofungwa kwa mnyororo lisiruke barabarani, ndoo mbili, na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Kwangu mimi ile ilikuwa nyumba bora kuliko yetu. Yetu ilikaa palepale mwaka mzima ikipigwa na upepo.

Nyumbani tulikuwa wasichana wawili wa umri mmoja: mimi, na Restituta, binti wa shangazi yangu, dada pekee wa baba. Shangazi alikuwa amefiwa na mume, na watu wa kijiji chao cha zamani walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya chini ya mteremko, njia ya kwenda Ziwa Tanganyika, ambako shule ilikuwa bado ni nguzo bila paa. Ndipo baba akamchukua Resti aje asome nasi mjini. Alifika na sanduku la bati na kikapu cha ulezi, akasimama mlangoni mpaka alipoambiwa aketi. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa sare zilizoshonwa na fundi mmoja, tukaingia darasa la nne pamoja. Mwisho wa muhula yeye alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa.

Sikumchukia. Ningependa kusema nilimchukia, ingekuwa rahisi kueleza. Nilimpenda, lakini kama mtu anavyompenda mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Alikuwa na tabia ya kumaliza kazi kabla hajatumwa. Mama akianza kutafuta ufagio, Resti alikuwa tayari anafagia. Niliamini anafanya makusudi ili mimi nionekane mvivu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mtoto anayekaa kwa watu hufagia hivyo kwa hofu.

Tulipofika darasa la tano, baba alianza kupanga safari ya magharibi. Barabara hiyo inatoka mjini, inapita Matai, inakwenda mpaka kwenye ukingo wa uwanda wetu, kisha inateremka hadi Kasanga ziwani. Aliomba ofisini safari iangukie likizo yetu ya mwezi wa sita, wakati njia zimekauka na watu wanamaliza kuvuna ulezi, na akaomba ruhusa ya kumchukua mtoto mmoja. Hilo la mtoto nililisikia tangu siku ya kwanza. Neno “mmoja” nalo nililisikia, ila sikuona tatizo. Mtoto wa baba alikuwa mimi.

Kwa majuma kadhaa, kila baada ya chakula cha jioni, baba alichukua tangazo la zamani la sinema, akaligeuza upande mweupe, akalitandaza mezani. Mimi nilimchongea penseli. Alichora barabara kama kamba, akaweka miviringo mitano kuonyesha vituo vitano. Kila kituo tulikipangia siku zake. Hapa tutachota maji mto gani, pale gari litaegeshwa wapi upepo usipige pazia la sinema, kule kuna fundi wa kulehemu springi ikikatika. Mama alitoa orodha yake akiwa ananyonyesha mdogo wetu: unga, maharage, chumvi, kipande cha sabuni, sukari kama mgao ungefika dukani. Bwana Ambokile, fundi wa mashine aliyefuatana na baba, kijana wa Mbeya mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akipita na kuongeza mambo yake: plagi za jenereta, mipira miwili ya akiba, kitunguu swaumu cha kufukuza nyoka. Tulicheka.

“Tukifika Kasanga,” baba alisema, “tutakula samaki wa ziwani, migebuka, mpaka tuchoke.”

Resti alikaa pembeni akishona vifungo, au akimbembeleza mtoto. Hakuna aliyemzuia kusogea mezani, na hakuna aliyemwita. Mimi niliweza kumwita.

Kituo cha nne kilimsumbua baba. Kilikuwa kile kijiji kipya alikokaa shangazi. Alichora mviringo, akaufuta, akausogeza, akaandika tarehe, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka mahali pale. Nilidhani anataka kikae vizuri kwa sababu kutokea pale ziwa huonekana lote, kama alivyotusimulia. Nilidhani anatengeneza zawadi yangu. Sikujua kwamba kila alipofuta alikuwa ametoka kubembeleza ofisini kituo hicho kiwahishwe, siku mbili, siku tatu, na kwamba alikuwa anashindana na kitu kingine kabisa.

Jumapili moja gari lililetwa nyumbani kuoshwa. Mimi na Resti tulipanda ndani. Nilijilaza kwenye kitanda cha juu, pua yangu ikikaribia bati, nikavuta ile harufu ya turubai na petroli, nikatangaza kwamba hicho ndicho kitanda changu na kwamba Bwana Ambokile atalala nje kwenye hema. Resti alisimama chini akishika ngazi.

“Kile kituo cha nne ni kwa mama, eti?” akauliza.

“Ni kituo tu,” nikamjibu. “Tutalala siku mbili.”

“Utamwambia nimekuwa wa kwanza?”

Nikasema nitamwambia. Nakumbuka nilivyosema, kwa ukarimu wa mtu ambaye gari ni la kwake.

Ijumaa iliyofuata, tukiwa tunakula, baba aliweka tonge chini. “Resti,” akasema, “safari hii utakwenda na mimi. Ukamsalimie mama yako.”

Resti akainama. “Asante, mjomba.”

“Na mimi?” nikauliza.

“Wewe safari nyingine. Mkuu wangu ameandika mtoto mmoja.”

“Lakini mimi ndiye niliyepanga!”

Mama akanikata jicho. Baba alinitazama kwa upole, nusura aseme kitu, kisha akarudi kwenye chakula chake. Angesema, nisingekuwa na la kuandika leo. Lakini wazazi wa wakati ule hawakuwaambia watoto habari za ugonjwa. Waliona ni kuwahurumia.

Kesho yake mchana nilikuwa nyuma ya jiko nasugua sufuria kwa majivu. Baba na mama walikuwa ndani, wanaongea kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo humfanya mtoto aache kusugua.

“Bora apelekwe kwa mama yake sasa,” mama alisema. “Tukichelewa tutajilaumu.”

“Ndiyo maana nimehangaika. Na ikibidi abaki naye?”

“Abaki. Shule ingoje kwanza.”

“Nitamwambia tukiwa njiani. Akijua leo hatalala.”

Nilielewa nilichotaka kuelewa. Resti anarudishwa. Muda wake kwetu umekwisha. Ningependa kuapa kwamba niliamini hivyo kwa moyo wote na kwamba nilikwenda kumwambia kwa kumwonea huruma. Kuamini, niliamini, au nusu yangu iliamini. Lakini huruma sikuwa nayo. Nilipoinuka pale nilikuwa na furaha, miguu yangu ilikuwa myepesi, na kabla sijafika bombani nilikuwa nimeshajua jinsi ya kupata kiti.

Resti alikuwa anasubiri ndoo yake ijae.

“Unajua kwa nini unapelekwa?” nikamwuliza.

“Kumsalimia mama.”

“Wanasema hivyo tu. Wanakurudisha. Nimewasikia kwa masikio yangu. Mama kasema bora upelekwe kwa mama yako. Kasema shule ingoje kwanza.”

Alinitazama. Ndoo ikajaa, maji yakaanza kumwagika miguuni pake, hakuyaona.

“Labda wakati wa likizo tu,” akasema.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimesema niliyoyasikia, na kama ningeishia hapo, leo ningejitetea. Lakini niliona bado ana tumaini, na tumaini lake lilikuwa limekalia kiti changu.

“Mwalimu mkuu ameshaambiwa,” nikasema. “Jina lako limekatwa kwenye rejista. Kwa wino mwekundu.”

Hakuna mtu aliyesema hivyo. Nilitunga palepale bombani, na ule wino mwekundu niliuongeza ili aamini. Aliamini. Hakulia. Alifunga bomba, akasema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu, “Kule shule bado haina paa.”

“Ukijificha siku ya safari, hawatakungoja. Gari la serikali halimngoji mtu.”

“Mjomba atakasirika.”

“Atakasirika siku moja. Shule je?”

Asubuhi ya safari kulikuwa na ile baridi yetu ya mwezi wa sita, pumzi zinaonekana. Kabla ya jua kuchomoza nilimpeleka Resti nyuma ya nyumba ya jirani, ambako kulikuwa na kihenge kitupu kinachosubiri ulezi mpya. Niliinama akapanda mgongoni kwangu, akaingia, nikarudishia kifuniko cha nyasi. Nikamwambia asitoke mpaka asikie gari limeondoka. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni.

Walimtafuta. Mama alikwenda bombani, Bwana Ambokile alikwenda mpaka kanisani. Baba alizunguka nyumba za jirani akiita. Alipita hatua tano tu kutoka kwenye kile kihenge, kofia mkononi, akiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Resti! Mwanangu, twende ukamwone mama!”

Nilikuwa nyuma yake. Nilikitazama kifuniko. Hakikutikisika.

Baba aligeuka. “Unajua mwenzako alipo?”

“Sijui, baba.”

“Nitazame.”

Nikamtazama. “Sijui.”

Bwana Ambokile alikuwa amewasha injini. “Mzee, saa mbili imepita. Matai mwenyekiti ameshawatangazia watu.” Baba alisimama na funguo zake za nyumba mkononi, akizigeuza. Nadhani kama mama asingesema neno angeivunja safari, na sijui wangemfanya nini kazini. Mama alisema, “Mchukue huyu basi. Dada yako walau aone damu yake.”

Wakaliacha sanduku la Resti mlangoni, nikapanda mimi. Sikuwa hata na nguo ya kubadilisha. Nilikaa kiti cha katikati, gea ikigonga goti langu, blanketi la baba mapajani.

Mpaka Matai nilikuwa na furaha, sitaficha. Niliwapungia watoto waliokimbia nyuma ya vumbi letu. Nilisaidia kukunjua pazia, nilikoroga uji kwenye lile jiko, nililala kitanda cha juu kama nilivyojiahidi. Kituo cha pili, cha tatu. Baba alifanya kazi yake vizuri, akawasalimu wazee, akajibu maswali, lakini garini hakuongea. Bwana Ambokile aliimba nyimbo mbili za kwao, akaona hakuna anayeitikia, akaacha.

Asubuhi tulipokaribia mteremko wa kuelekea kituo cha nne, baba alisimamisha gari. Ziwa lilionekana kule chini, lote, kama alivyosema. Hakulitazama.

“Shangazi yako anaumwa,” akaniambia. “Hospitali ya misheni wamemrudisha nyumbani, hawana tena la kumfanyia. Nilimtumia salamu kwamba namletea mtoto wake amwone. Sasa utakapomsalimia, usilie, na usimwulize kitu.”

Nikasema, “Ndiyo, baba.”

Ningeweza kusema palepale. Tulikuwa siku sita kutoka nyumbani kwa ratiba ile, lakini kwa gari tupu ingekuwa siku moja. Nimekwenda na kurudi njia ile kichwani mara nyingi sana: baba anageuza gari, tunamchukua Resti, tunafika kesho yake jioni, shangazi bado yuko hai. Aliishi majuma matatu zaidi. Nilitazama kioo cha mbele, na gari likaanza kuteremka.

Kijiji kilikuwa kimepangwa kwa mistari, nyumba zote za ukubwa mmoja, miti bado miche. Shangazi alikuwa amebebwa na majirani, akawekwa kwenye kigoda kando ya uwanja, mahali gari lingesimama. Walisema yuko pale tangu jua linachomoza. Alikuwa amevaa khanga ya bluu yenye maua meupe na kitambaa cheupe kichwani, kimefuliwa. Nilimkumbuka mwanamke mnene mwenye kicheko. Huyu aliyekuwa pale alikuwa na shingo nyembamba kama mkono wangu.

Baba akateremka. Bwana Ambokile akateremka. Mimi nikateremka mwisho. Shangazi alinitazama, akatabasamu, kisha akaendelea kuutazama mlango nyuma yangu.

Hakuuliza. Alishika fimbo yake, akainuka mwenyewe, akikataa mkono wa jirani, akatembea polepole kuzunguka gari mpaka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Akainama, akachungulia ndani. Alitazama kwenye jenereta. Alitazama kitanda cha chini, kisha akasimama kwa shida kwenye vidole akatazama cha juu, lilipokuwa blanketi langu limevurugika, na akanyoosha fimbo akaligusa, polepole, kama anamwamsha mtu. Blanketi likalala. Akagusa tena.

Baba aligeuza uso upande wa ziwa.

Shangazi aliporudi alinishika bega. “Karibu, mwanangu,” akasema. Nikapiga goti, “Shikamoo, shangazi,” naye akaitikia marahaba kama siku zote.

Alikuwa amepikiwa boga la karanga, chakula ambacho Resti alikuwa akikitaja kila alipokumbuka kwao. Alisimamia mwenyewe kupikwa kwake, walisema, akiwa amelala mkekani, akiwaambia karanga zaidi, chumvi kidogo. Wakaniwekea mimi. Nililila lote. Aliniangalia nikila tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho, na nikijaribu kuacha alisema, “Kula, mwanangu, ni lako.”

Nilipomaliza akauliza, “Mwenzako amekataa kuja?”

“Tumbo linamwuma, shangazi.”

“Mwambie sikukasirika,” akasema. “Mtoto huogopa safari. Mwambie asome. Usisahau.”

“Sitasahau,” nikasema, na kweli sikusahau.

Kasanga tulifika. Migebuka ilikaangwa. Sikumbuki ladha yake.

Tuliporudi nyumbani, Resti alikuwa anafagia uwanja. Jioni ya siku tuliyoondoka, mama alipomwona ametoka mafichoni, alikuwa amemgombeza, na katika kugombeza akamwambia yote: mama yako anaumwa sana, ulikuwa unapelekwa ukamuage, mtoto gani wewe! Kwa hiyo alijua. Alijua kuhusu mama yake, na alijua wino mwekundu ulikuwa uongo. Nilimsubiri aseme. Alichosema ni, “Umemwona?”

“Nimemwona.”

“Hajambo?”

“Hajambo kidogo.”

Akaendelea kufagia. Ujumbe niliotumwa sikumpa. Ningempa, tungeanza kuongea, na tungeanza kuongea tungefika bombani.

Habari ya kifo ililetwa na lori la samaki, na maiti ilikuwa imeshazikwa. Kwenye matanga ndugu walimtazama Resti kwa macho ambayo sina neno lake. Bibi mmoja wa ukoo alisema kwa Kifipa, bila kuficha sauti, kwamba huyu ndiye aliyejificha mama yake alipokuwa anamwita. Resti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake kwenye mkeka mmoja, paja langu limegusa lake, na nilinyamaza. Lile neno lilimfuata. Alisoma, akawa mwalimu, akaolewa Matai, akazaa, na bado kwenye harusi na misiba ya ukoo kulikuwa na mtu wa kunong'ona kwamba mwalimu Restituta ni mkavu wa moyo, hata mama yake alimkimbia. Baba hakuwahi kumnyanyasa. Alimsomesha mpaka mwisho. Lakini hakumwita tena “mwanangu”. Alimwita Resti. Na alikufa akiamini alivyoamini, na siku ya kumzika nilisikia tena ile minong'ono, mimi mama mzima mwenye wajukuu, na nikanyamaza tena.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda. Mtoto wa miaka kumi na mmoja unaweza kumtafutia sababu. Mama wa miaka hamsini na kitu huwezi.

Juzi, baada ya arobaini ya baba, nilikwenda Matai. Resti alinipokea kama anavyopokea watu, kwa kunipa kiti kabla sijasalimu. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Nilimwambia kila kitu, kuanzia kule nyuma ya jiko, haraka haraka, nikitazama mikono yangu.

“Najua,” akasema.

“Najua kwamba unajua. Nauliza kwa nini hukunitaja. Hata mara moja. Ungemwambia mama tu jioni ileile.”

Alifikiri. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

“Nilikuwa nakula kwenu,” akasema.

Nikalia, yeye hakulia. Alisubiri nimalize. Nikamwambia nitasema mbele ya ukoo wote, wiki ijayo, jina lake lisafishwe. Akatikisa kichwa kidogo, si kukubali wala kukataa, kama mtu aliyepewa kitu ambacho wakati wake umepita.

“Hilo utafanya unavyoona,” akasema. “Mimi nina langu la kukuuliza. Alivaa nini?”

Sikuelewa mara moja.

“Mama. Siku ile. Mjomba hakuwahi kunisimulia, na sikuwahi kumwuliza, ningemwulizaje? Umebaki wewe.”

Nikamwambia khanga ya bluu yenye maua meupe. Nikamwambia kitambaa, kigoda, tangu jua linachomoza. Nikamwambia boga la karanga na nani aliyelila. Nilipofika kwenye mlango wa nyuma wa gari nilisita, kwa sababu hilo nilikuwa nimeamua njia nzima kwamba nitamficha. Alinitazama. Nikamwambia na hilo, na ile fimbo, na jinsi alivyoligusa blanketi mara mbili.

Resti akainuka, akaenda akazima redio, akarudi na kusogeza kiti chake karibu na changu mpaka magoti yakagusana.

“Sasa niambie alichosema.”